Waokoaji Wasioandikwa: Habari za Sumu ya Moshi, Vumbi na Mafuta katika Mitaa ya Eastlands



Ni desturi ya taarifa hii ya kila mwaka kueleza hesabu ya fedha, misiba tuliyosaidia, na watoto waliolipiwa karo. Mwaka huu Halmashauri imeona vema kutia ndani yake sura moja ya historia, nayo ni historia ya watu ambao majina yao hayamo katika daftari lolote. Tunanena habari za majirani: vijana wa mkokoteni, mafundi wa jua kali, akina mama wa sokoni na makondakta wa matatu, ambao nyumba ikianguka au moto ukizuka hufika kabla ya gari lolote la serikali. Huingia kwa mikono mitupu, hutoa walio hai na waliokufa, kisha hurudi makwao. Yale waliyovuta kwa pua na kinywa siku hiyo hurudi nao.

Twataka kueleza mambo matatu: yaliyotokea katika mitaa yetu na karibu nayo; jinsi sumu inavyomwingia mwokoaji na jinsi anavyotibiwa; na sababu inayotufanya tuamini kwamba daftari na kalamu ni sehemu ya dawa.

JINA LA KARIOKOR

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa watu waliosahauliwa. Mtaa wa Kariokor ulipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918, ambao kambi yao ilikuwa mahali hapo. Wapagazi hao walibeba risasi, vyakula na majeruhi kutoka Kenya hata ndani ya Tanganyika. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na njaa. Vita vilipokwisha, mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba majina na makwao hayakuandikwa sawasawa. Mtu aliyebeba mzigo wa wengine akapotea kwa kukosa mstari mmoja wa wino. Wazee wetu walisema kweli kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kwamba hata afya ya mtu hupotea vivyo hivyo.

VUMBI LA AGOSTI 1998

Tarehe 7 Agosti 1998, yapata saa nne na nusu asubuhi, bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani kwenye pembe ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Jengo la Ufundi lililokuwa kando yake liliporomoka lote. Watu 213 walikufa katika Nairobi, na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao kwa vipande vya vioo. Siku hiyo hiyo bomu jingine liliua watu 11 katika mji wa Dar es Salaam.

Mahali pale si mbali na kituo cha mabasi yanayoleta watu wa Eastlands mjini, na wengi wa mitaa yetu walikuwako. Kabla ya vikosi vya waokoaji kuwasili kutoka Israeli, Marekani na Ufaransa, watu wa Nairobi walikuwa wamekwisha kupanda juu ya kifusi na kuchimba kwa mikono. Picha za siku zile zawaonyesha watu waliogeuka rangi ya majivu kuanzia nywele hadi viatu. Wakati ule hakuna aliyewauliza walikuwa wakivuta nini.

Leo yajulikana. Vumbi la jengo lililosagika si udongo wa kawaida. Ndani yake mna saruji, na saruji ikikutana na maji ya macho au mate ya koo huwa kali kama magadi na huunguza. Mna chembe za silika, ambazo zikivutwa kwa muda mrefu hukakamaza mapafu. Mna unga wa vioo. Na katika majengo ya zamani huenda mkawa na asibesto, iliyotumiwa sana katika mapaa na mabomba; nyuzi zake ni ndogo zisizoonekana kwa jicho, na saratani inayoletwa nazo yaweza kukaa miaka 20, 30 au zaidi kabla ya kujitokeza. Mtu aliyechimba mwaka wa 1998 akiwa kijana wa miaka 20 ndiyo kwanza anaukaribia umri wa kupatwa na madhara hayo.

MAFUTA YA SINAI, 2011

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka katika mitambo ya Kampuni ya Mabomba ya Kenya, ikaingia katika mtaro wa maji upitao kijiji cha Sinai, Lunga Lunga. Watu walikwenda na ndoo na madebe kuiteka. Moto ukawaka ghafula, ukafuata mtaro na nyumba za mabati zilizoushika mtaro huo. Watu wapatao 100 walikufa, wengine wakijitupa mtoni huku wakiungua. Wengi waliojeruhiwa walipelekwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Jambo hili lilikuja kabla ya kutimia miaka mitatu baada ya msiba wa Sachangwan, karibu na Molo, wa tarehe 31 Januari 2009, ambapo lori la petroli lililopinduka liliwaka na kuua watu zaidi ya 100.

Katika msiba wa namna hiyo mwokoaji hukabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni moto wenyewe. Ya pili haionekani, nayo ni mvuke. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi wa jikoni, bali hutambaa chini, hujaa mitaroni na katika vyumba vilivyo bondeni. Aliyeinama kumvuta majeruhi kutoka mtaroni huvuta mvuke huo kwa wingi, akasikia kizunguzungu, kichwa kikamwuma, na hata akazimia kando ya yule aliyekwenda kumwokoa. Ndani ya petroli mna benzeni, ambayo wataalamu wamekwisha kuthibitisha kuwa ikimwingia mtu mara kwa mara huweza kuleta saratani ya damu. Tena majeruhi aliyelowa mafuta humlowesha na ambebaye, na nguo zilizolowa huendelea kumtia sumu kwa njia ya ngozi na pumzi mpaka zivuliwe.

HURUMA, 2016, NA EMBAKASI, 2024

Usiku wa Ijumaa, tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma, karibu na mto. Waliokufa walizidi 50. Majirani ndio walioanza kazi. Kisha wakaja Msalaba Mwekundu wa Kenya, Vijana wa Huduma kwa Taifa, na wanajeshi. Mtoto mchanga alitolewa hai baada ya siku tatu na zaidi, na siku ya sita wengine wakatolewa wangali wanapumua. Twawashukuru wote. Lakini tukumbuke kwamba siku sita za kutafuta walio hai ni siku sita za vumbi, maji machafu na uvundo, na si wote waliokuwa na kinyago puani.

Kisha usiku wa tarehe 1 Februari 2024, katika eneo la Mradi, Embakasi, lori la gesi ya kupikia lililipuka. Moto ukaenea hata kwenye maghala na nyumba za watu. Kadhaa walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Baadaye Mamlaka ya Kawi na Petroli ilitangaza kwamba maombi ya kibali cha kujenga kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa mwaka wa 2023. Gesi hiyo nayo ni nzito kuliko hewa, na ikijaa mahali palipofungwa huifukuza hewa safi, hata anayeingia akaanguka bila kuona moto wowote.

Juu ya hayo iko mioto ya kila mwaka isiyoandikwa kwa herufi kubwa. Soko la Gikomba limeungua mara nyingi; moto wa tarehe 28 Juni 2018 uliua watu 15. Nyumba zetu siku hizi zimejaa magodoro ya sponji, viti vya foronya za nailoni, na vyombo vya plastiki. Vitu hivyo vikiungua havitoi moshi ule wa kuni waliouzoea mama zetu.

JINSI MOSHI UNAVYOUA, NA TIBA YAKE

Moshi wa nyumba inayoungua una gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia katika damu hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata damu ikawa haina nafasi ya kubeba pumzi. Mtu huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, kisha hulala usingizi asioamka. Kitambaa kilicholowa maji, ambacho wengi wetu tulifundishwa kukiweka puani, chaweza kupunguza masizi, lakini gesi hii hupita ndani yake kama upepo upitavyo katika wavu.

Dawa yake ni oksijeni. Mtu aliyetolewa nje na kuachwa apumue hewa ya kawaida huchukua kadiri ya saa nne hadi tano ili nusu tu ya gesi hiyo imtoke. Akipewa oksijeni safi kwa kinyago kilichokaza, muda huo hupungua ukawa kama saa moja au moja na nusu. Tofauti hiyo ndiyo tofauti ya mtu kurudi nyumbani na akili timamu au kurudi akiwa na upungufu wa kumbukumbu. Na tujihadhari na jambo moja: kile chombo kidogo kibanwacho kidoleni kupima oksijeni huweza kudanganya, kwa maana hakiwezi kutofautisha gesi hii na oksijeni. Kipimo cha haki ni cha damu.

Magodoro ya sponji na nailoni hutoa sumu nyingine, nayo ni sianidi, ambayo huzuia mwili kuitumia hata ile oksijeni iliyokwisha kuingia. Iko dawa yake maalumu, iitwayo haidroksokobalamini, namna ya vitamini B12, inayotiwa katika mshipa. Hii ni kazi ya daktari. Lakini daktari hataifikiria kama hakuna wa kumwambia kilichokuwa kikiungua. Basi anayempeleka mgonjwa hospitali na aseme wazi: palikuwa na magodoro, au palikuwa na mafuta, au palikuwa na madawa ya ghalani.

Yako mazoea ya kumpa maziwa mtu aliyevuta moshi. Maziwa ni chakula chema, lakini huenda tumboni. Hayafiki mapafuni wala hayaitoi sumu katika damu. Aliyelegea fahamu aweza kufa kwa kuyapaliwa. Kadhalika aliyemeza petroli asitapishwe, kwa sababu mafuta yakirudi juu huingia mapafuni na kuleta madhara makubwa zaidi.

Aliyelowa mafuta avuliwe nguo mbali na moto, aoshwe kwa maji mengi na sabuni. Aliyeingiwa na vumbi la saruji machoni aoshwe kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 hadi 20, asisugue. Na anayesikia sauti imekuwa ya kukwaruza, au koo limebana, au anakohoa makohozi meusi, asingoje kesho. Koo lililounguzwa na hewa ya moto laweza kuvimba polepole na kuziba baada ya saa nyingi, wakati mtu amekwisha kwenda kulala akidhani amepona.

Neno la nguo latukumbusha habari za Tokyo. Tarehe 20 Machi 1995 gesi ya sarini ilitiwa katika treni za chini ya ardhi za mji huo. Maelfu walikimbilia hospitali, na katika hospitali moja iliyopokea mamia ya wagonjwa, wauguzi na madaktari wengi waliona dalili za sumu hiyo hiyo, kwa kuwa wagonjwa waliingizwa ndani na nguo zao. Kwetu si sarini, ila kanuni ni ile ile. Mwokoaji akirudi nyumbani na shati lililojaa vumbi au mafuta, mke wake anayelifua na mtoto anayempakata huvuta sehemu yao. Nguo na zivuliwe nje, zitiwe katika mfuko, zisikung'utwe ndani ya chumba kimoja tunamolala watu sita.

FUNZO LA NEW YORK

Tarehe 11 Septemba 2001 majengo mawili marefu ya New York yaliangushwa, na wazima moto 343 wa mji huo wakafa siku hiyo moja. Waliobaki walifanya kazi juu ya kifusi kwa miezi. Wiki moja baadaye, mkuu wa idara ya mazingira ya Marekani alitangaza kwamba hewa ya pale ilikuwa salama kuvutwa. Baadaye watu walianza kukohoa, kisha kuugua, kisha kufa. Kufikia mwaka wa 2024, wazima moto waliokufa kwa maradhi yaliyotokana na kazi ile walikuwa wamezidi wale 343 waliokufa siku yenyewe.

Ni nini kilichowasaidia waliobaki kupata haki? Si kwamba walilia zaidi kuliko sisi. Idara yao ya zima moto ilikuwa na desturi ya kumpima kila mtu nguvu ya mapafu na kuandika. Basi baada ya msiba waliweza kulinganisha kipimo cha jana na cha leo, na ikaonekana kwamba katika mwaka wa kwanza tu mapafu yao yalipoteza nguvu kwa kiasi ambacho uzee ungechukua miaka 12 kukiondoa. Hakuna aliyeweza kubisha. Mwezi wa Januari 2011 sheria ikatiwa sahihi, yenye jina la polisi James Zadroga aliyekufa mwaka wa 2006, ya kuwapima na kuwatibu waokoaji bila malipo. Na mwaka wa 2015 ikaongezwa muda hata mwaka wa 2090. Mwaka wa 2022 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani likaiweka kazi ya kuzima moto yenyewe katika daraja la mambo yanayojulikana kwa hakika kuwa huleta saratani.

Tukitazama kwetu, sheria hazikosekani. Katiba ya mwaka wa 2010 yasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya mwaka wa 2007 ya mafao ya wanaoumia kazini humlinda aliyeajiriwa, pamoja na maradhi yanayotokana na kazi. Lakini jirani aliyeingia katika moshi wa Huruma hakuwa ameajiriwa na mtu. Hana mwajiri wa kumdai, hana kadi ya kazi, hana cheti kinachosema alikuwako. Miaka 15 ikipita, akaenda kwa daktari na kifua kibovu, ataulizwa kama avuta sigara. Hataulizwa alikuwa wapi usiku ule. Na akisema, atathibitisha kwa nini?

MAOMBI YA HALMASHAURI

Kwa hiyo twaleta mbele ya Mkutano Mkuu mapendekezo manne, nayo tunaomba yajadiliwe kwa makini.

Kwanza, Chama kiweke Daftari la Waokoaji. Msiba ukitokea, katibu wa kila tawi aandike ndani ya siku saba jina la kila mwanachama na jirani aliyesaidia, umri wake, mahali, siku na saa alizokaa, alivuta nini kwa kadiri ijulikanavyo, alisikia maumivu gani, na alitibiwa wapi. Nakala mbili ziwekwe mahali pawili, na mwenyewe apewe karatasi yake. Habari za ugonjwa wa mtu zisisomwe hadharani ila kwa idhini yake. Akina mama waliochota maji na kufua nguo waandikwe pia, maana sumu haiulizi nani alishika koleo.

Pili, fungu dogo la mfuko wa misaada litengwe kwa nauli na vipimo vya kifua: mara moja baada ya msiba, tena baada ya miezi sita, na baada ya mwaka. Karatasi za hospitali zitunzwe pamoja na daftari.

Tatu, kila tawi linunue glavu ngumu, miwani ya kufunika macho, vinyago vya vumbi, na madumu ya maji safi. Lakini ieleweke wazi kwamba kinyago cha vumbi hakizuii gesi. Penye harufu ya gesi au petroli, kazi ya jirani ni kuwaondoa watu upande upepo unakotoka, kuzuia moto na simu, na kuwaita wazima moto kwa nambari 999 au 112 akiwa mbali. Hakuna ujasiri katika kuongeza maiti.

Nne, katibu mkuu aandike barua kwa wakuu wa kaunti na wa wizara, akiomba kwamba baada ya kila msiba mkubwa orodha ya waokoaji wa kujitolea iandikwe rasmi, nao wapimwe bila malipo kama wanavyopimwa majeruhi.

Gharama ya pendekezo la kwanza ni ya kitabu kimoja cha mistari kwa kila tawi. Wale ambao mtaa mmoja wetu umechukua jina lao walikosa kitabu hicho, na jamaa zao wakakosa haki. Halmashauri inawasihi wanachama wasikubali jambo hilo litukie tena, na kila mmoja aliyekuwako Sinai, Huruma, Gikomba au Embakasi afike kwa katibu wa tawi lake kabla ya mwisho wa mwezi huu, ili jina lake liwe la kwanza kuandikwa.

Ni sisi, kwa niaba ya Halmashauri ya Chama.